Kupanga Nyumba Oak Park, Illinois: Anza na Miguu, Nyumba Baadaye

Kila mwaka majira ya joto yakikaribia, simu yangu haitulii. Mtu amepata kazi Chicago, au amechoka kuishi mahali ambapo hata mkate unafuatwa kwa gari, na amesikia habari za Oak Park: nyumba za zamani, miti mikubwa, treni karibu, watoto wanaokwenda shule kwa miguu. Maswali ni yaleyale. Nianzie wapi? Kodi inajumuisha nini? Gari nililaze wapi? Mbona redieta, kile chuma cha kupasha joto chumba, inagonga usiku kama mtu yuko ndani? Nimeyakusanya majibu hapa.

Oak Park iko maili 8 hivi magharibi ya katikati ya jiji la Chicago. Ukivuka Austin Boulevard umeshaingia. Kisheria ni kijiji, ingawa sensa ya 2020 ilihesabu wakazi zaidi ya 54,000. Kwa hiyo ukipokea barua iliyoandikwa "Village of Oak Park", hiyo ni barua ya serikali, ifungue siku hiyohiyo.

Jambo moja ningependa ulishike kabla ya mengine yote. Kodi ya hapa kwa kawaida iko juu kuliko ya vitongoji vingi vya jirani, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unalipia uwezo wa kutembea. Ukipanga nyumba inayokulazimisha kuwasha gari kila asubuhi, unalipia kitu usichokitumia. Chagua kwanza njia ya miguu, ndipo utafute nyumba iliyo kwenye njia hiyo.

KABLA HUJAANZA

Weka hivi tayari kwenye bahasha moja, na nakala zake kwenye simu:

- Kitambulisho chenye picha.
- Hati za mshahara za miezi miwili au mitatu ya karibuni. Kama kazi ni mpya, barua ya ajira inayotaja mshahara.
- Taarifa za benki.
- Ripoti ya rekodi yako ya mikopo. Mgeni asiye na rekodi asikate tamaa, nitalieleza hilo kwenye hatua ya 6.
- Barua au namba ya simu ya mwenye nyumba wako wa mwisho.
- Pesa ya ada ya maombi, kodi ya mwezi wa kwanza, na amana au ada ya kuhamia. Hizi mbili za mwisho si kitu kimoja: amana hurudi, ada ya kuhamia hairudi. Uliza unatozwa ipi.
- Kadi ya Ventra ya kupandia treni na basi, chaja ya simu ya kujaribia soketi, na viatu vya kutembea.

HATUA ZENYEWE

1. Chora mduara wa miguu yako

Kijiji si kikubwa. Kutoka North Avenue kaskazini hadi Roosevelt Road kusini ni kama maili 3, na kutoka Austin hadi Harlem Avenue ni maili moja na nusu. Ila reli ndizo zinazoamua maisha yako yatakavyokuwa. Treni ya CTA (shirika la usafiri la Chicago) ya mstari wa Kijani inapita juu ya tuta, sambamba na Lake Street, na stesheni zake ni Austin, Ridgeland, Oak Park na Harlem/Lake. Mstari wa Buluu uko kusini zaidi, katikati ya barabara kuu ya Eisenhower, na wenyewe una Austin, Oak Park na Harlem.

Umeona majina yanavyojirudia? Hapo ndipo wageni wengi hupotea. Tangazo likisema nyumba iko karibu na stesheni ya Oak Park, uliza ni stesheni ya mstari wa rangi gani. Kati ya hizo mbili kuna mwendo wa robo saa au zaidi.

Metra, treni ya vitongoji, ya njia ya Union Pacific West nayo husimama pale pale Harlem/Lake. Inafika mjini haraka, lakini haiji kila baada ya dakika chache, kwa hiyo maisha yako yatafuata ratiba yake. Kama unafanya kazi za usiku, kumbuka kwamba Buluu inatembea saa 24 na Kijani hulala. Kama una mtoto wa kigari au goti bovu, Harlem/Lake ina lifti. Stesheni nyingine nenda ukazione mwenyewe kabla hujaamua.

Sasa andika sehemu nne unazokwenda kila wiki: stesheni, duka la vyakula, shule, nyumba ya ibada, chochote kile. Zichore kwenye ramani, kisha zungushia mwendo wa dakika 15. Nyumba iliyo nje ya mduara huo usiende hata kuitazama, maana ukiiona utaipenda. Wengi hunaswa na nyumba nzuri za kaskazini ya Division Street. Kutoka huko hadi mstari wa Kijani ni zaidi ya maili moja. Mwezi wa Mei ni matembezi ya raha, ila Januari, upepo unapokukata uso, utaanza kutafuta gari.

Unapotafuta kwa msimbo wa posta, 60301 ni eneo dogo la katikati, 60302 ni upande wa kaskazini, na 60304 ni upande wa kusini.

2. Itembee njia hiyo mara mbili

Mara ya kwanza iwe asubuhi, saa ileile utakayokuwa unakwenda kazini. Mara ya pili iwe baada ya giza kuingia, ukiwa umebeba mfuko mzito wa manunuzi. Tazama taa za njiani na barabara unazolazimika kuvuka. Harlem Avenue na Madison Street zina magari mengi, na nyumba iliyo ng'ambo ya barabara kama hiyo iko mbali kuliko ramani inavyoonyesha, hasa kwa mtoto. Simama dakika tano nje ya jengo, usikilize. Karibu na tuta utasikia treni. Karibu na Eisenhower utasikia mvumo wa magari usiokoma, na watu wengine huuzoea, wengine hawauzoei kamwe.

Wakati huo utakuwa umeanza kuelewa kwa nini watu wanapenda kuishi hapa. Kwenye Lake Street utapita Unity Temple, kanisa alilolisanifu Frank Lloyd Wright, lililojengwa kati ya 1905 na 1908 na kuingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2019. Yeye mwenyewe aliishi na kufanya kazi kwenye kona ya Forest na Chicago Avenue tangu 1889 hadi 1909. Nyumba alimozaliwa Ernest Hemingway mwaka 1899 iko Oak Park Avenue. Ukipanga karibu na Forest Avenue, majira ya joto utazoea kuona watalii wenye kamera mbele ya dirisha lako.

3. Amua suala la gari kabla ya kuona fleti hata moja

Hili ndilo linalowaumiza wageni kuliko yote. Kwa miaka mingi kanuni ya hapa imekuwa kwamba gari halilali barabarani usiku bila kibali. Kwenye kibao utasoma 2:30 a.m. hadi 6:00 a.m. Sisi tuliozoea kuhesabu saa za Kiswahili tuwe makini hapo: ni saa 8:30 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mimi nilihamia jioni, nikaliacha gari mbele ya jengo kwa kuwa nilikuwa hoi, na asubuhi nikakuta faini kwenye kioo.

Fanya hivi: muulize mwenye nyumba kama nafasi ya gari imo ndani ya kodi. Kama haimo, piga simu ofisi ya kijiji iliyoko Madison Street, wape anwani kamili ya jengo, uwaulize kibali cha usiku kinapatikana wapi, ni bei gani, na kama kuna foleni. Anwani ni muhimu kwa sababu maeneo ya vibali hutofautiana. Usiridhike na dalali anayesema "utapata tu".

Au ishi bila gari. Aliye na duka na stesheni ndani ya mduara wake anaweza, na pesa anayookoa kwenye bima, mafuta na kibali hufidia sehemu ya kodi.

4. Jua unachopanga ni nyumba ya aina gani

Majengo ya matofali ya ghorofa tatu, yenye umbo la U na ua katikati, ndiyo wapangaji wengi huanzia. Mengi ni ya miaka mia moja hivi. Boila moja (mtambo wa kuchemsha maji) hupasha joto jengo zima, na mara nyingi joto limo ndani ya kodi. Hilo lina thamani kubwa, kwa hiyo usilinganishe kodi mbili kabla hujajua joto analipa nani.

Aina ya pili ni nyumba ya familia mbili au tatu, ambapo mwenye nyumba anaweza kuwa anaishi chini yako. Hapo tabia ya mwenye nyumba ina uzito kuliko karatasi. Aina ya tatu ni fleti ya mtu binafsi ndani ya jengo lenye chama cha wamiliki. Omba kanuni za chama uzisome, kwa maana zinakubana na wewe pia, pamoja na ada zake za kuhamia.

Aina ya nne matangazo huiita "garden unit". Jina linavutia, lakini maana yake ni fleti iliyozama nusu chini ya ardhi. Hapa mvua na majitaka hupita kwenye bomba moja, na mvua kubwa ikizidi bomba hilo, maji yanaweza kurudi juu kupitia tundu la sakafuni. Fleti yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hiyo. Usiku mmoja wa mvua ya Julai niliamka nikakanyaga maji, na vyeti vyangu vya shule vilikuwa kwenye boksi sakafuni. Sikukatazi kupanga fleti ya namna hii kama bei ndiyo unayoweza. Ila muulize mwenye nyumba kwa maandishi, "Maji yaliingia mara ya mwisho lini?", kisha muulize na jirani.

Kijiji kina maeneo matatu ya kihistoria yanayolindwa: lile la Frank Lloyd Wright na mtindo wa usanifu uitwao Prairie, Ridgeland–Oak Park, na Gunderson. Kwa mpangaji hilo halina utata mkubwa. Sura ya nje ya jengo haibadilishwi ovyo, kwa hiyo usitundike dishi wala kutoboa baraza bila ruhusa, na usitegemee mwenye nyumba abadilishe madirisha ya zamani kwa wiki moja.

5. Kagua kwa mikono, macho pekee hayatoshi

Urembo wa nyumba ya zamani hukufumba macho. Unaona mbao za mwaloni na kioo cha rangi, unasahau kufungua bomba. Nenda kwa mpangilio huu:

- Fungua na ufunge kila dirisha. Madirisha ya kusukuma juu hukwama kwa tabaka za rangi. Usiku wa moto dirisha lililokwama ni hatari.
- Tazama rangi kwenye fremu za madirisha. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 inaweza kuwa na rangi ya madini ya risasi, na sheria ya nchi inamtaka mwenye nyumba akuambie anachojua na akupe kijitabu cha maelezo kabla hujasaini. Dirisha likisuguana na fremu hutoa vumbi, na vumbi hilo ndilo linaloingia mdomoni mwa mtoto. Ukiwa na mtoto mdogo na ukaona rangi inabanduka, usipange mpaka itengenezwe.
- Chomeka chaja kwenye kila soketi. Hesabu soketi za kila chumba, angalia kama zina matundu matatu, na uliza kama umeme unabeba kiyoyozi cha dirishani. Majengo haya mengi hayana kiyoyozi cha jumla, na Julai ni joto kweli.
- Fungua bomba la bafu na la jikoni kwa pamoja, kisha vuta maji ya choo. Angalia presha inavyoshuka.
- Tafuta king'ora cha hewa ya kaboni monoksidi. Illinois inataka kiwe ndani ya futi 15 kutoka kila chumba cha kulala. Kibonyeze ukisikie.
- Shuka hadi chumba cha kufulia. Nusa. Harufu ya ukungu huko chini inakueleza mengi kuhusu jengo zima.
- Zungukia kichochoro cha nyuma, kwenye mapipa ya taka na ngazi za mbao. Usafi wa nyuma ndio tabia halisi ya msimamizi.

Kama unaweza, zungumza na mpangaji mmoja mliyekutana ngazini. Swali moja tu linatosha: "Ukiripoti kitu kimeharibika, kinachukua muda gani?"

Onyo: usimtumie mtu pesa kabla hujaingia ndani ya fleti. Matapeli huiba picha za nyumba za hapa kwa sababu zinapendeza, wakaziweka kwa kodi ya chini, kisha wakadai wako safarini na funguo watazituma kwa posta. Kodi ikiwa chini mno kuliko nyumba za jirani, achana nayo.

6. Peleka maombi

Wenye nyumba wengi hupenda kuona kipato kisichopungua mara tatu ya kodi. Kama huna rekodi ya mikopo ya Marekani, usisubiri wakugundue. Andika barua fupi ukieleza umefika lini, ambatisha barua ya ajira na taarifa za benki, na taja mdhamini kama unaye. Mwenye jengo dogo husoma barua. Kampuni kubwa mara nyingi hufuata alama za kompyuta, hivyo anza na majengo madogo.

Watu wananiuliza, wakipunguza sauti, kama mtu mweusi au mgeni atakubaliwa. Swali hilo lina historia hapa. Mwaka 1950 mkemia Percy Julian, mtu mweusi, alinunua nyumba Oak Park, na watu wakajaribu kuichoma moto. Mwaka uliofuata ikarushiwa baruti. Mwaka 1968 kijiji kilipitisha sheria yake ya kuzuia ubaguzi wa makazi, na 1972 kikaanzishwa kituo cha makazi kilichofanya kazi ya kuwachanganya wapangaji wa rangi zote kwa makusudi. Leo shule mojawapo ya kati ya hapa ina jina la Julian. Upande wa sheria, tangu 2019 Illinois inamkataza mwenye nyumba kumfukuza au kumtisha mpangaji kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, na tangu 2023 haruhusiwi kukukataa kwa sababu ya chanzo cha kipato chako, ikiwemo vocha ya makazi, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi.

7. Soma mkataba wote

Tafuta majibu ya mambo haya: nani analipa joto, gesi, maji na taka, nani anaondoa theluji, kiyoyozi cha dirishani kinaruhusiwa, taarifa ya kuhama inatolewa siku ngapi kabla, na kama mkataba unajirudia wenyewe usiposema kitu. Ahadi ya mdomo kama "tutapaka rangi" iandikwe ndani na itiwe saini. Wakikataa kuiandika, hesabu kwamba haipo.

8. Siku ya kuhamia

Piga picha kila ukuta, kila mkwaruzo, ndani ya jiko na friji, kisha zitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili ziwe na tarehe. Uliza kama kufuli limebadilishwa. Katika Kaunti ya Cook sheria inamtaka mwenye nyumba abadilishe kufuli au funguo zake kabla ya mpangaji mpya kuingia, isipokuwa kwenye jengo la fleti nne au pungufu ambalo mwenyewe anaishi humo.

Umeme uandikishe kampuni ya ComEd na gesi kampuni ya Nicor, siku kadhaa kabla. Chukua bima ya mpangaji, na uombe kipengele cha majitaka kurudi ndani, maana mara nyingi hakimo mpaka ukitaje.

9. Mwezi wa kwanza

Tembea kila siku hata kama huna safari. Jifunze njia ya mkato ya kwenda stesheni, maktaba ya Lake Street, na soko la wakulima la Jumamosi penye kanisa la Pilgrim majira ya joto. Wasalimie majirani. Kwenye mtaa wa kutembea, jirani anayekufahamu ndiye atakayekupigia simu theluji ikianguka na gari lako likiwa limeegeshwa upande wa barabara usiofaa.

IKITOKEA SHIDA

Redieta inagonga usiku. Kama ni ya mvuke yenye bomba moja, valvu yake inatakiwa iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Watu huifungua nusu wakidhani wanapunguza joto, na maji hunasa ndani yakapigwa na mvuke. Ifungue yote. Ikiendelea, huenda redieta imeinama vibaya, na hiyo ni kazi ya msimamizi. Mlio mdogo wa hewa ni kawaida. Ikitema maji, kipumulio chake cha kutolea hewa kimekufa na kinabadilishwa kwa muda mfupi.

Chumba kina joto kupita kiasi. Kwenye majengo ya boila moja hutokea sana, hasa ghorofa za juu. Funga valvu ya chumba hicho kabisa, usiiache nusu, au fungua dirisha kidogo.

Hakuna joto kabisa. Piga simu, kisha andika ujumbe ili iwepo tarehe. Weka kipimajoto na ukipige picha. Wasipojibu, ripoti kwa wakaguzi wa majengo wa kijiji. Usiogope: tangu 2025 sheria ya Illinois inamkataza mwenye nyumba kulipiza kisasi kwa mpangaji aliyeripoti ubovu.

Maji yameingia. Zima umeme wa eneo hilo kama unaweza kufika kwenye swichi kuu bila kukanyaga maji. Piga picha kwanza, ndipo uondoe vitu. Maji ya tundu la sakafu ni majitaka, usiyashike kwa mikono mitupu, na watoto watoke.

Amana hairudi. Kwenye jengo la fleti tano au zaidi, sheria ya Illinois inampa mwenye nyumba siku 30 kukuletea orodha ya anachokata, na siku 45 kurudisha amana kama hakukupa orodha hiyo. Mwandikie ukitaja siku hizo, ambatisha picha za siku ya kuingia na ya kutoka, na umpe anwani yako mpya. Mara nyingi hundi hufuata.

Umekosa kodi na umeletewa notisi ya siku tano. Notisi si amri ya kuhama. Ukilipa deni lote ndani ya siku hizo, kwa kawaida mkataba unaendelea. Hata zikipita, hakuna anayeruhusiwa kubadilisha kufuli au kutoa vitu vyako nje bila amri ya mahakama, na anayeitekeleza ni ofisi ya sherifu. Usihame kwa woga. Tafuta msaada wa kisheria siku uliyopokea karatasi, na barua ya mahakama ikija, nenda mahakamani siku iliyoandikwa.